Namna ya Kumkalisha Mgeni Kitako

Kabla hamjanunua mashuka meupe, jifunzeni kuwasha moto. Nasema hivi kwa sababu kila kijana anayekuja kunisalimia hapa Mjimwema, akishasikia kwamba nilitunza nyumba za mapumziko mpaka magoti yakakataa, huniuliza habari za mashuka, mapazia na intaneti. Kuni hakuna anayeziuliza. Haya, mwezi wa saba umefika, ukungu umegoma kuondoka, mgeni wako kutoka Dar es Salaam amevaa soksi mbili mbili na bado meno yanagongana. Hapo shuka la maua litamsaidia nini?

Kuni ni mwati, ule mti ambao magome yake hutengenezea ngozi. Uwe umepasuliwa tangu msimu uliopita na kuwekwa chini ya bati, upepo ukipita katikati. Mpaini waachieni maseremala, maana unarusha cheche kwenye zulia na masizi yake yananata ndani ya bomba la moshi kama lami. Mkaratusi ni mzuri ukikauka, lakini ukiwa mbichi mtalia machozi wewe na mgeni wako. Na kabla ya kuwasha moto wenyewe, choma karatasi moja tu, uangalie moshi unaelekea wapi. Somo hilo la karatasi tulilipata kwa kuaibika, na aliyetuaibisha ni fundi Sanga.

Fundi Sanga alikuwa Mkinga, mwashi hodari, mtu wa maneno machache ambaye hakuvua kofia yake ya sufu hata jua likiwaka. Ndiye aliyezitengeneza upya nyumba zetu. Mvua za mwisho zilipokuwa zinanyesha, alipanda juu akafunika bomba la moshi kwa kipande cha bati na jiwe juu yake, maji yasiharibu lipu aliyoipaka ndani. Akashuka, akaenda zake Makambako kwenye kazi nyingine. Sisi tukawapokea wageni wetu wa kwanza kabisa, baba, mama na watoto, tukawawashia moto wa kifahari. Mara familia nzima ikatoka mbio ikijifunika mablanketi, baba amembeba mtoto kwapani, mama ameshika sufuria, sijui alitaka kuliokoa kwa ajili ya nini. Tulipompigia fundi simu akasema, "Ee. Lile bati langu." Wageni wale walicheka mpaka wakasahau macho yanawasha. Mwaka uliofuata walirudi, na kabla hawajashusha mabegi wakauliza kama bati limeondolewa.

Nyumba zenyewe ni zile za matofali mekundu, ukitoka Njombe kwenda Makambako, nyuma ya shamba la zamani la miwati. Zilijengwa kwa ajili ya wasimamizi wa shamba. Wasimamizi walipoondoka zikakaa bila mtu. Moja ikawa ghala la viazi, ya pili wakalala mbuzi, na ya tatu ikachukuliwa na popo, ambao niseme kweli ndio waliokuwa wapangaji wasafi kuliko wote. Zilinunuliwa na Dada Upendo, binti wa hapa hapa Njombe, aliyekwenda kusoma Ufaransa na wakati wa likizo akawa anafanya usafi kwenye nyumba za mapumziko huko. Alirudi na wazo lake, akaja kunitafuta nikiwa mpishi kwenye shule ya bweni.

Siku aliyonieleza nilidhani baridi ya Ulaya imemwingia kichwani. Alisema huko kuna mji wa kale una ukuta na lango la mawe, na nje ya mji kuna nyumba za wakulima wa zamani zilizokuwa zinaanguka. Watu wamezitengeneza zikarudi kama zilivyokuwa, na wengine wanatoka miji mikubwa kuja kukaa humo wiki nzima.

"Wanakuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kupumzika."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi, Mama Lusungu. Wazima kabisa."

"Wamefiwa?"

"Hapana."

"Sasa mtu mzima wa afya, hajafiwa, anaiacha nyumba yake kwenda kukaa kwenye nyumba ya mkulima. Anamsaidia kulima?"

"Halimi. Anatembea mpaka mjini, anaangalia lango na kanisa la zamani, ananunua mkate na jibini, anarudi. Halafu anakaa."

"Anakaa?"

"Anakaa tu. Anaota moto, anaangalia shamba."

Nikamwambia kwamba kwetu mtu wa hivyo tunamwombea kanisani. Dada Upendo alicheka, akasema Njombe lango la mawe hatuna, lakini tuna misheni ya zamani, tuna maporomoko ya maji pale pale mjini, tuna soko lenye parachichi na pea, na baridi tunayo ya kutosha kuuza nje ya nchi. Watu watakuja. Mimi sikuamini, ila shule ilikuwa imebadilisha mkuu na mkuu mpya alikuwa anapima unga kwa kijiko, basi nikaacha kazi nikamfuata.

Ugomvi wa mwanzo ulikuwa kati yake na fundi Sanga. Kwa fundi, kutengeneza nyumba ya zamani maana yake ni kuifanya iwe mpya: saruji, vioo vya alumini, vigae vinavyoteleza. Dada Upendo alitaka udongo na chokaa kama walivyotumia waliojenga. Fundi akaona anadhalilishwa. Akaniambia pembeni, "Huyu dada amesoma mbali, ananirudisha kwenye tope la babu yangu." Walivutana mpaka Dada Upendo akakubali ukuta mmoja upakwe saruji na mwingine chokaa, tuone. Masika yalipopita, ukuta wa saruji ulikuwa umevimba na kutoa ukungu mweusi kama mkate uliosahauliwa. Fundi aliuangalia, akaupiga piga kwa kidole, akaenda kuchota udongo mwenyewe bila kuambiwa. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuwa mkali wa chokaa kama yeye, na ukimsikiliza ungedhani wazo lilikuwa lake.

Kosa langu mimi lilikuwa la adabu. Nililelewa Kibena na Kilutheri, na kwetu mgeni haachwi peke yake. Ukimwacha umemtukana. Basi walipokuja mume na mke wa Kifaransa, wazee wapole, nilipomaliza kuwapa chakula cha mchana nikavuta kiti nikakaa nao. Kifaransa sikijui, Kiswahili hawakijui, tukawa tunatabasamu. Yule mke akapiga mwayo. Nami nikapiga mwayo. Nikasema moyoni, maskini, wamechoka na bado wanakaa na mimi kwa heshima, nami nitakuwaje wa kwanza kuondoka? Kumbe wao wanasubiri niondoke wakalale. Tulikaa hivyo mpaka chai ya jioni, mzee wa watu kichwa kinaanguka kifuani, anakiinua, ananitabasamia. Dada Upendo alipopita na kutukuta aliniita jikoni, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akashindwa kunieleza. Mkiwa kwenye kazi hii, wekeni chakula, hakikisheni kuni zipo, semeni mlipo, halafu tokeni.

Na mambo yanabadilika, msinielewe vibaya. Zamani mgeni alikuwa anashushwa na basi Makambako, amevaa kandambili na fulana, upepo wa pale unampiga vibao mpaka tumpelekee sweta. Siku hizi anajua hali ya hewa kabla yangu. Anatuma ujumbe akiwa Iringa kuuliza kama maji ya kuoga yamepata moto. Lakini hakuna simu inayoweza kukufundisha kumkalisha mtu asiyejua kukaa, na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo, kwa sababu liliwahi kunitisha kuliko moshi.

Mgeni mwenyewe alikuja na lori la viazi. Deo, dereva aliyekuwa akituletea viazi na mkaa, alikuwa na makazi yake Makambako, lakini kwao ni Mawengi, kule Ludewa kwa Wapangwa. Siku hiyo alishuka upande wake, akazunguka, akamshusha mama yake. Mama Kresensia alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, sweta juu ya kitenge, mikono mikubwa isiyolingana naye. Alinizidi umri kidogo. Hata kabla hatujamaliza kusalimiana aliokota ganda la ndizi lililoanguka njiani akalitia kwenye mfuko wake.

Deo alinivuta pembeni. Mama yake alikuwa ameanguka shambani wakati wa kuvuna maharage. Walimleta Njombe, daktari akasema ni presha, akampa dawa, na akasema kwa uso usio na mzaha kwamba dawa peke yake haitoshi. Huyu mama apumzike, apumzike kweli, vinginevyo akianguka tena huenda asiamke. Deo alimpeleka kwake Makambako. Siku ya kwanza alifua nguo za nyumba nzima. Siku ya pili walimkuta analima ua wa mwenye nyumba. Ndipo Deo alipomweleza Dada Upendo, na Dada Upendo akasema nyumba ndogo iko wazi, amlete.

"Dawa anameza, mama," Deo akaniambia. "Shida ni mikono. Asishike jembe, asibebe ndoo. Nakuomba. Mimi sina mama mwingine."

Alikuwa mwanamume mrefu wa kubeba magunia, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nikampiga begani nikamwambia aende zake salama. Nikajisifu kabisa: mimi nimeshawakalisha wakurugenzi wenye simu tatu tatu, nitashindwa na mama mmoja wa Kipangwa?

Asubuhi nilikuta uwanja umefagiliwa mpaka barabarani. Majivu yametolewa, kitanda kimetandikwa, ndoo zote zimejaa maji. Mwenyewe anazunguka nyuma ya nyumba.

"Mbuzi wako wapi?" akaniuliza.

"Hatuna mbuzi, dada."

"Kuku?"

"Tulikuwa nao. Jogoo alikuwa anawika mapema, wageni wakalalamika, tukawagawa."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba haina paa. Nikamnyang'anya ufagio, nikamkalisha barazani kwenye kiti chenye mito, nikamfunika blanketi miguuni, nikamletea uji. Akasema asante. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na yeye amepiga magoti kwenye kitalu cha mbele, anang'oa. Alikuwa ameng'oa lavanda yote, yale majani ya harufu ambayo Dada Upendo alibeba mbegu zake kutoka Ufaransa na kuyalea kama mtoto. Ameyapanga pembeni kwa mafungu, mizizi juu, yakauke.

"Yananuka sabuni," akanieleza. "Nikajua si mboga."

Dada Upendo alipoyaona alishika kiuno, akatazama juu, akatazama chini. Halafu akasema taratibu, "Haidhuru, bibi. Yalikuwa yamezidi." Mimi nilikwenda kukusanya majembe, mafyekeo, mundu na fagio zote nikazifungia stoo, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Nikaona nimeshinda.

Siku iliyofuata hakuwepo. Nilimtafuta bafuni, kwenye miwati, mpaka barabarani. Nikasikia sauti za wanawake upande wa kwa Mama Bahati, jirani yetu, nikapanda kilima kidogo. Yuko katikati ya shamba la njegere, ameinama, anapalilia kwa jembe la kuazima, anamhadithia Mama Bahati habari za mavuno ya Mawengi. Aliponiona aliinuka haraka anisalimie. Uso ukabadilika rangi. Mkono ukatafuta kitu cha kushika, ukalikamata sweta langu, na akashuka chini polepole, magoti kwanza, bila sauti.

Vijana, niliogopa. Sijui kama nimewahi kuogopa vile. Niliona macho ya Deo tu mbele yangu. Tulimbeba mimi na Mama Bahati mpaka kivulini, tukamfungua nguo shingoni, tukampa maji kidogo kidogo. Dada Upendo akampigia daktari, daktari akauliza hiki na kile, akasema alale, na hali ikizidi aletwe mara moja. Haikuzidi. Rangi ilirudi, pumzi ikatulia, akaanza kuomba radhi kwa kuacha mstari wa njegere haujaisha.

Hapo ndipo nilipomfokea. Mtu aliyenizidi umri, nikamfokea mbele ya jirani. "Unataka kunifia mikononi? Nimwambie nini mwanao? Nimekupa kiti, nimekupa blanketi, nimekupa uji, kukaa tu ndiyo imekuwa adhabu?"

Hakukasirika. Aliivuta kanga aliyofunikwa.

"Mdogo wangu," akasema, "unaniweka kwenye kiti mchana kweupe. Unanifunika miguu. Unaniletea uji, watu wanapita wananisalimia kwa sauti ya chini. Unajua nasikia nini? Nasikia kama kuna maiti ndani. Kwetu mwanamke hakai kitako mchana ila msibani. Nilikaa hivyo alipokufa mume wangu. Nilikaa hivyo alipokufa binti yangu. Sasa nikikaa tu, moyo wenyewe unaanza kuuliza, leo ni nani?"

Mama Bahati aliinamisha kichwa. Mimi hasira zote ziliniishia, nikabaki na huruma tu. Maana alichosema nilikuwa nakijua. Na sisi Wabena ni hivyo hivyo. Mama yangu mimi sikumwona amekaa mchana mikono mitupu ila kwenye mkeka wa matanga. Nilikuwa nimemwandalia yule dada mapumziko ya Kifaransa, yaliyokamilika kila kitu, na yeye ndani yake alikuwa anaona msiba.

Kutwa nzima nilifikiri. Nikajiuliza, mwanamke wa kwetu anakaa lini mchana bila kufiwa na bila kusemwa? Akinyonyesha. Akisuka nywele. Halafu nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba. Mgongo wake ulipokataa jembe alipewa kazi ya kulinda ulezi ulioanikwa, kuku wasiule. Alikaa kuanzia umande ukikauka mpaka jua likilegea, fimbo mkononi, na hakuna mtu kijiji kizima aliyewahi kumwita mvivu. Tulimpelekea chakula pale pale kwa sababu alikuwa kazini.

Nilikwenda sokoni Njombe nikanunua debe la ulezi. Ulezi mkavu, wa kusaga siku hiyo hiyo ukitaka. Dada Upendo akaniuliza kama tunaanza biashara ya pombe. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Na kuku?"

Kweli, kuku. Ulezi usio na kuku hauna cha kulindwa. Nikaenda kwa Mama Bahati.

"Kamwene," nikamsalimia Kibena. "Naomba uniazime kuku. Na jogoo."

"Kamwene. Una wageni wa kula?"

"Hapana, hawaliwi. Nataka waje wasumbue."

Alinitazama kama anayetafuta dalili za homa. Nilipomwambia ni kwa ajili ya yule mama aliyeanguka shambani kwake, alikwenda mwenyewe kuwakamata, na akanichagulia wakorofi.

Jua lilipotoka nikatandika turubai mbele ya baraza, nikamwaga ulezi nikausambaza kwa kiganja. Nikaweka kiti pembeni, penye jua la mgongoni. Blanketi nililiweka juu ya kiti kama limesahauliwa. Nikachukua ufito mrefu wa mwanzi.

"Dada, nina shida," nikamwambia Mama Kresensia. "Ulezi huu ni wa uji wa wageni, haujakauka. Kuku wa jirani hawana adabu. Nami nina nyumba nyingine za kuhudumia, siwezi kukaa hapa."

Alikuja, akainama, akachota ulezi mkononi. Akauacha umwagike kati ya vidole, ukashuka unateleza, unalia kama mchanga mkavu. Akatia punje kadhaa kwenye meno ya mbele. Zikapasuka, nikazisikia. Mtu aliyelima maisha yake yote hahitaji zaidi ya hapo. Akanitazama usoni. Mimi nikatazama paa.

Alitafuna polepole, akameza.

"Ni kweli," akasema. "Bado una unyevu kidogo."

Akanyoosha mkono nimpe fimbo, akakaa.

Mwanzoni alikaa wima kama askari wa benki. Kuku akisogea, anapiga ardhi, "Sss! Toka, mwizi!" na mabega yanashuka kidogo kila mara. Wapita njia wakawa wanamsalimia kwa sauti za kawaida, wanamtania, "Mama, leo umewanasa wangapi?" naye anawajibu. Mama Bahati akaja kukaa naye, wakachambua habari za watu wa Mlangali mpaka Makambako. Siku zilivyosonga nilianza kuona kope zinalegea jua likipanda. Na alasiri moja nilipita na ndoo ya kuni nikamkuta amelala fofofo, kinywa wazi, blanketi limemfika kifuani, fimbo magotini, na jogoo wa Mama Bahati amesimama katikati ya turubai anakula kwa raha zake zote.

Sikumfukuza jogoo. Niliweka ndoo chini kwa uangalifu, nikasimama pale nikalia kwa furaha, mimi mtu mkali.

Jioni tulikuwa tunauzoa ulezi, asubuhi tunaumwaga tena. Ulipopungua niliongeza mwingine usiku, baada ya siku ya soko, na Mama Kresensia hakuuliza kwa nini ulezi wa Njombe unakaa juani bila kukauka wala kwisha. Katika nyumba kubwa kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini kutoka Dar es Salaam aliyekuja na mkewe kupumzika lakini haiachi simu hata mezani. Siku moja Mama Kresensia alitaka kwenda kunawa, akamwita, "We baba, nishikie hapa, usinipotezee ulezi." Yule bwana akakaa, simu akaiweka chini ili ashike fimbo. Mama aliporudi, bwana akaomba aongezewe muda.

Deo alikuja na lori lake, akashuka anakimbia nusu nusu, akamkuta mama yake kwenye kiti.

"Mama, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nipo kazini, usinisemeshe. Yule mwekundu ananivizia."

Deo akampeleka kupimwa. Daktari alipima, akapima tena, akasema presha imeshuka vizuri na akauliza wamefanya nini. Deo akajibu, "Kuku." Daktari akaandika dawa zilezile na kumwambia mama aendelee hivyo hivyo.

Sasa nyinyi mnaotaka kazi hii, sikilizeni. Yule mzee wa Kifaransa aliyekuwa anasinzia mbele yangu alikuwa na kitabu magotini siku zote alizokaa kwetu. Baadaye nilianza kuangalia, ukurasa ulikuwa haugeuki. Kitabu kilikuwa fimbo yake. Kila mtu anaona haya kukaa bure, hata huko kwenye malango ya mawe, na kila mtu anahitaji kitu cha kushika mkononi ili haya isimkute. Mwenye nyumba ya mapumziko mzuri ni yule anayetambua mgeni wake anashika nini. Mashuka yatakuja baadaye.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha, lori la Deo likaingia tena uwanjani. Mama Kresensia alishuka mwenyewe bila kushikwa, amenenepa shavu. Nyuma yake akashuka mwanamke mwingine, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, amekumbatia mfuko wake, macho yameshaanza kuzunguka uwanja yakitafuta ufagio.

"Wifi yangu, Agata," Mama Kresensia akasema. "Alimuuguza mumewe mpaka tukamzika. Mapema mwaka huu. Tangu matanga yaanuliwe hajakaa, wala usingizi hana. Anafanya kazi tu. Juzi ameanguka akichota maji kisimani."

Nikawakaribisha chai. Mama Kresensia alikataa kwa mkono. Alimwambia Deo ashushe kiroba cha ulezi na turubai alilokuja nalo kutoka Mawengi. Akatandika, akamwaga, akasambaza. Akatoa kiti barazani mwenyewe akakigeuza mgongo uelekee juani. Agata alisimama, akachota ulezi, akautia kwenye meno. Akamtazama wifi yake.

Mama Kresensia akatazama paa.

"Una unyevu," akasema. "Na kuku wa hapa, wifi, ni wezi wa kutupwa. Shika fimbo, usiwaondolee macho."

Agata akabaki na fimbo mkononi. Akageuka huku na huku. Halafu polepole, kwanza ncha ya kiti tu, akakaa.

Uwanja mzima hapakuwa na kuku hata mmoja. Nilikuwa nimewarudisha tangu zamani. Mama Kresensia alinikazia macho juu ya kichwa cha Agata, akanionyesha njia kwa kidevu. Nikajifunga kitenge vizuri, nikapanda kilima mbio, kwa magoti haya haya, kwenda kwa Mama Bahati kuazima kuku.